Nimepimwa mishipa ya shingo hapa Mwanza

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwezi wa tatu nilikuwa nahesabu hela, mkono wa kulia ukalegea, noti zikamwagika. Nikitaka kumwita kijana wangu, ulimi mzito. Dakika kumi tu, nikawa sawa. Mimi nilitaka kuendelea na mauzo. Mke wangu ndiye aliyeniburuta hospitali. Daktari akasema hicho ni kiharusi cha kupita, kimebisha hodi tu, akaniandikia altrasaundi ya dopla ya mishipa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo.

Kipimo chenyewe sina neno nacho. Hakuna sindano, na asubuhi nilikunywa chai yangu kama kawaida. Unalala chali, unageuza shingo, unapakwa jeli ya baridi. Binti aliyenipima alinianza na "Shikamoo baba," akaniomba nisimeze mate mpaka aseme. Kisha akafungulia sauti: shwaa, shwaa, shwaa, kama ziwa linavyopiga mawe ya Capri Point. Alipohamia kushoto sauti ikawa nyembamba, ya kukwaruza. Akanieleza kuwa ni kama mpira wa maji ukiubana kwa kidole: panapobana, damu hukimbia. Yangu ilisoma sentimita 160 kwa sekunde. Ikivuka 125, wanahesabu mshipa umeziba nusu au zaidi. Ikivuka 230, ni asilimia 70 kwenda juu.

Maudhi yalikuja baadaye. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba kipimo hiki kinaishia karibu na taya, na mishipa ya ndani ya fuvu haionekani. Nikatumwa CT ya mishipa, yaani picha za mashine ya eksirei ya kompyuta, kituo kingine, siku nyingine, nauli nyingine, na bima ikagoma. Huko wanaangalia figo kwanza, maana dawa wanayokuchoma ili mishipa ing'ae ina madini joto. Kama una sukari na unatumia metformin, sema mapema. Dawa ikiingia, joto linashuka kutoka kooni mpaka kiunoni, unaapa umejikojolea. Hujajikojolea. Mimi nilipapasa kuhakikisha.

Picha zenyewe zilichukua muda mfupi kuliko kuvua shati. Lakini kituo kile kikanikabidhi karatasi ya majibu peke yake. Bingwa akaisoma, akauliza, "Mzee, picha ziko wapi?" Narudi kuzifuata, naambiwa mtu wa CD ametoka. Kesho yake, hajafika. Siku mbili sijafungua meza kwa ajili ya CD! Ukienda, usiondoke dirishani bila picha zako.

Kichwani niko safi. Shingoni kushoto, mafuta yameganda kwenye ukuta wa mshipa; natumia aspirini na dawa ya kushusha kolesteroli, na sigara mke amezificha nisikokujua. Baada ya miezi sita narudia altrasaundi. Nitaenda palepale, kwa binti yuleyule, ila safari hii nabeba flashi yangu mwenyewe.