Baiskeli ya kwenda kazini Mwanza: anza na namba ya tairi

Nakaa Mkolani, kazi yangu iko mjini. Ni kilomita 10 na ushee kwa Barabara ya Kenyatta, na kwa mwendo wa mtu asiyeshindana na yeyote ni dakika 40 hadi 45. Tangu nianze nimeshamiliki baiskeli tatu, moja ikiwa ya majuto, na haupiti mwezi bila jirani kuniuliza: ninunue ipi?

Mimi hujibu kwa swali. Fundi wa mtaani kwako ana tairi za namba gani?

Baiskeli yangu ya majuto ilikuwa ya mtumba kutoka Japani. Nzuri, nyepesi, imeandikwa 27 ubavuni mwa tairi. Muuzaji aliniapia kwamba tairi zake zimejaa mjini. Tairi la nyuma lilipochanika maeneo ya Butimba, nikazunguka kwa mafundi wanne. Watatu walinipa tairi la 28, halikukaa. Wa nne, mzee mmoja wa Nyegezi, hakuinuka hata kwenye kigoda chake. "Mwanangu," akasema, "hiyo 27 ya Wajapani ni ya Wajapani." Baiskeli ikaegemea ukuta wiki tano.

Kumbe inchi zilizoandikwa kwenye tairi hudanganya. Tafuta namba nyingine, ndogo, yenye kistari katikati, kama 37-590. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, zote kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo ya kukariri. Maunteni, yaani baiskeli ya milimani, ya 26 ni 559. Baiskeli ya Kijapani ya 26, iliyoandikwa 26 x 1⅜, ni 590. Zote mbili zinaitwa ishirini na sita, lakini zinapishana milimita 31. Hazivalishani hata ukitumia nyundo. Phoenix na ndugu zake, zile nzito za gia moja, 28 x 1½, ni 635. Ile yangu ya majuto ilikuwa 609, kipimo ambacho nje ya Japani ni cha kutafuta kwa tochi.

Ukishajua hilo, huu ndio mpangilio wangu kwa mtu wa kilomita 5 hadi 15 kwa safari moja.

Ya kwanza: mtumba wa Kijapani, ringi 26, gia 3

Watu huidharau kwa sababu ina kikapu mbele na fremu ya kushuka, wakasema ni ya akina mama. Waache waseme. Fremu hiyo inakuruhusu kupanda na suruali ya ofisini, au sketi, bila sarakasi. Cheni mara nyingi imefunikwa, kwa hiyo huingii kazini na alama ya grisi mguuni. Madigadi yapo, keria ipo, stendi ni ya miguu miwili, na kufuli la kubana gurudumu la nyuma limefungwa palepale. Vitu hivi ukivinunua kimoja kimoja kwa ajili ya baiskeli nyingine, utashangaa pesa ilikokwenda.

Gia zake tatu zimo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma, hazina kitu cha kuning'inia na kugonga mawe. Unaweza kubadilisha hata ukiwa umesimama, jambo la maana pale daladala inapokukatia mbele ghafla na wewe uko kwenye gia nzito. Kabla ya kulipa, zijaribu zote tatu kwa kukanyaga kwa nguvu kwenye mwinuko. Ikiteleza au kutoa mlio wa "kak", mara nyingine ni kebo tu ya kukaza, lakini usinunue kwa imani. Mwambie muuzaji aikaze mbele yako. Breki ya nyuma, ile ya mkanda, hupiga kelele kama bata. Kelele si ubovu. Kutokamata ndiyo ubovu.

Mjapani hakuitengeneza ibebe gunia la mpunga. Ukizidisha mzigo, spoku za nyuma huanza kukatika moja moja. Yangu nilimpelekea fundi azikaze spoku zote siku ya kwanza, na mpaka leo imekatika moja.

Ya pili: maunteni ya mtumba isiyo na shokapu

Kama unashuka kutoka Isamilo, Bugando au Bwiru, huku mawe na makorongo yamekaa katikati ya njia, ipandishe hii iwe ya kwanza. Tairi zake nene zinavumilia, gia ndogo zinakupandisha, na vali yake ni kama ya pikipiki, kwa hiyo popote boda wanapojaza upepo nawe unajaza. Badilisha tairi za meno makubwa uweke zenye mgongo laini: kwenye lami meno yanakula nguvu zako na kuvuma kama nyuki. Madigadi utanunua. Bila hayo, mvua ya Machi itakuchora mstari wa matope kutoka kiunoni hadi shingoni.

Ya tatu: Phoenix na za aina yake

Najua kuiweka ya tatu, tena Usukumani, ni kutafuta ugomvi. Baiskeli hii imebeba pamba, maharusi na wagonjwa, na fundi yeyote chini ya mwembe anaifungua macho yamefumba. Vipuri si tatizo kabisa. Tatizo ni kilo zake, karibu 20 ikiwa tupu, gia moja, na breki za vyuma vinavyobana ringi ya kromu. Ringi hiyo ikilowa, breki zinabaki kuwa pambo. Unateremka huku unasoma dua.

Kama njia yako ni tambarare na una mzigo, ichukue, lakini mwambie fundi abadilishe friwili, ile gia ya meno kwenye gurudumu la nyuma: ya meno 18 itoke, iingie ya 22, na cheni irefushwe kidogo. Uzito wa kukanyaga unapungua karibu sehemu moja ya tano. Spidi inapungua vilevile, ila mlimani utanishukuru.

Ya nne: ya umeme

Inavutia, hasa kwa mtu asiyetaka kufika kazini ametota jasho. Hesabu yake ni hii: zidisha volti kwa ampea-saa za betri. Ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, na ukikadiria wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita, unapata kilomita 24 hadi 36. Milima na mzigo vinakata humo. Umeme wenyewe si gharama, kuijaza haifiki hata nusu uniti ya LUKU. Gharama ni betri siku itakapochoka. Kama muuzaji hana betri ya akiba dukani wala hajui itapatikana wapi, usinunue. Na iwe betri inayochomoka, uipeleke ndani.

Ya mwisho: maunteni mpya ya bei rahisi yenye shokapu mbele na nyuma

Inang'aa, ina stika za moto, watoto wataishangilia. Kila unapokanyaga inadunda, nguvu yako inaishia kwenye springi. Pita.

Baiskeli za resi sijazipanga. Tairi zake nyembamba na mashimo ya mtaani kwangu hazijaelewana.

Ukishachagua, geuza baiskeli juu chini uzungushe magurudumu. Ringi ikicheza kulia na kushoto, omba punguzo. Shika mikono ya pedeli uitikise kwa ubavu: ikilegea, huenda gololi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, kwa sababu rangi mpya hufunika ufa. Dai risiti yenye namba iliyogongwa kwenye fremu, maana baiskeli ya wizi huuzwa kwa tabasamu lilelile.

Pesa yote usiimalize dukani. Bakiza ya cheni nene na kufuli, kwani lile la gurudumu halimzuii mtu kuibeba begani. Na ya taa: Mwanza jua huchomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, kwa hiyo anayetoka Buhongwa saa 12 anaendesha gizani. Dinamo ya Mjapani inatosha mbele. Nyuma funga taa nyekundu, sahani ya kuakisi peke yake haitoshi.

Mimi hununua Jumamosi asubuhi, mafundi wote wakiwepo. Jumapili barabara ni nyeupe, naipitisha njia nzima ya kazini kwenda na kurudi, na kitakacholegea kinalegea kabla ya Jumatatu.