Vet Center kwa sisi wake wa wanajeshi huku Marekani: nyota nne

Wale mnaoniuliza inboksi kuhusu Vet Center wacha niandike mara moja iishe. Kwanza hii si hospitali ya VA, ile idara ya serikali inayohudumia wanajeshi wa zamani. Ni ofisi za ushauri tu, zingine ziko kwa majengo ya maduka hata unaweza kupita usijue, zilianzishwa 1979 kwa ajili ya wale waliopigana vita vya Vietnam na saa hii ziko kama 300 nchi nzima. Hulipi kitu, bima hawaulizi, na si lazima mzee awe amejiandikisha VA ama amepewa asilimia za ulemavu, ilmradi alienda vitani (kuna makundi mengine pia wanachukua). Beba DD214 yake, ile karatasi ya kutoka jeshini.

Kitu kilifanya wangu akubali kuingia ni siri. Faili yao haiendi kwa kamanda wala kwa hospitali bila yeye mwenyewe kukubali, isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini. Na mnawajua hawa wanaume wetu, hasa hawa Wakenya wenzetu walioingia jeshi la huku, mtu anaogopa kupoteza cheo kuliko anavyoogopa zile ndoto.

Sasa mke. Kwetu ukisema mzee halali, anakagua milango usiku kucha, sufuria ikianguka anafokea watoto mpaka wanajificha, shangazi watakwambia omba mama, vumilia, wanaume ndio hivyo. Kaunsela wangu hakuniambia nivumilie na hakuniambia niondoke. Aliniuliza tu nani anaenda shopingi, nani anashika simu za ndugu zake, nani anaambia watu wa kanisa ati mzee ana shifti. Ni mimi yote. Ndio akanieleza kwamba PTSD, yale majeraha ya akili yanayobaki baada ya vita, inanenepa na kukwepa, yaani kila nikimwondolea kitu kinachomtisha tunapata amani hiyo jioni lakini kesho sehemu anazoweza kwenda zimepungua, na zangu zimepungua pamoja na zake kwa sababu mimi ndiye nabaki kumchunga. Aki hakuna mtu alikuwa amenionyesha hiyo hesabu, na nimekaa kwa vikundi vya maombi vingi.

Kwa hivyo siku hizi supamaketi ya H-E-B mzee anaenda mwenyewe, asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, akianza kutetemeka anasimama hapo kwa mboga mpaka moyo utulie, hatoki mbio. Kanisani nasema ukweli, leo ameshindwa kuja. Fataki za Julai 4, sikukuu ya uhuru wa huku, bado ni balaa, siwadanganyi.

Nyota moja nimetoa kwa sababu utaratibu wao wote unamzunguka mwanajeshi. Mke anaruhusiwa, mkiwa pamoja ama peke yako, lakini lengo ni kumsaidia yeye azoee maisha ya kawaida, so ukitaka kutibiwa unyogovu wako mwenyewe utatafuta daktari kwingine kwa bima yako. Halafu utaongea Kiingereza. Mimi nafanya kazi kwa Kiingereza miaka yote lakini kulia kwa Kiingereza ni kazi nyingine kabisa.

Kama mzee amekataa katakata, kuna watu wa simu wanaitwa Coaching Into Care, nao ni wa VA, ni bure, 888-823-7458. Hao wanakufundisha wewe namna ya kumwongelesha bila kugombana mpaka akubali msaada. Na kama anakupiga, dada, usingoje apointimenti yoyote, PTSD si kibali cha kupiga mtu, piga simu 1-800-799-7233, laini ya wanaopigwa nyumbani. Akiongea habari ya kujiua piga simu 988 halafu bonyeza 1, hiyo ni laini ya dharura ya wanajeshi wa zamani.

Laini ya Vet Center ni 877-927-8387, iko wazi usiku na mchana, na wanaoshika simu ni wanajeshi wa zamani ama watu wa familia za wanajeshi, hutaanza kueleza Afghanistan ni nini. Ukipiga uliza ofisi ya kwenu kama wana saa za jioni ama wikendi, nyingi wanazo, mimi huenda nikitoka job na watoto naachia jirani.