Chemka, goti langu na visamaki vya Kikuletwa

Jina lisikudanganye: maji ya Chemka, chemchemi ya Kilimanjaro iitwayo pia Kikuletwa, hayachemki, ni vuguvugu tu. Nilishukia Boma Ng'ombe nikapanda bodaboda, na ile barabara ya vumbi ikalitikisa goti langu bovu mpaka nikajuta kutoka nyumbani. Lakini nilipoketi kwenye mizizi ya mti, maji yakinifika kifuani, maangavu hadi naviona vidole vya miguu, goti likalegea lenyewe. Visamaki vikaja kunidonoa kisigino. Nikapiga ukelele, mtu mzima mimi! Kupona sijapona, vidonge vya hospitali naendelea navyo, ila usiku ule sikuamka hata mara moja. Nenda asubuhi, siku ya kazi. Wikiendi ni vijana na kamba yao ya kurukia, utamwagiwa maji hadi masikioni. Beba ndala.