Kumtazama Helen McCrory kupitia National Theatre at Home: uzoefu wangu

Kama unamjua mwigizaji Mwingereza Helen McCrory kwa tamthilia ya televisheni ya Peaky Blinders peke yake, au kwa kuwa mama yake Draco Malfoy kwenye filamu za Harry Potter, nakushauri umtafute jukwaani. Alifariki Aprili 2021 kwa saratani akiwa na miaka 52, kwa hiyo kilichobaki ni rekodi. Kwa bahati nzuri zipo mbili za kiwango cha juu sana: Medea ya 2014 na The Deep Blue Sea ya 2016, zote za National Theatre ya London, na nimezitazama kwa huduma yao ya mtandaoni inayoitwa National Theatre at Home. Ninayoandika hapa ni tathmini ya huduma hiyo kwa mtu anayetaka kuifuata kazi ya mwigizaji mmoja, si kuangalia tu kilichopo.

Kwanza ieleweke unachonunua. Hizi si filamu. National Theatre ilianza mwaka 2009 kurusha maigizo yake moja kwa moja kwenye kumbi za sinema, igizo la kwanza likiwa Phèdre, akiigiza Helen Mirren. Kamera kadhaa huwekwa ukumbini, watazamaji wapo, waigizaji wanaigiza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kurudia. Rekodi hizo ndizo zilizowekwa kwenye National Theatre at Home ilipofunguliwa Desemba 2020, wakati kumbi zimefungwa kwa sababu ya korona. Utasikia watu wakikohoa, utasikia viatu kwenye mbao. Anayetarajia picha laini ya sinema atasumbuka dakika kumi za mwanzo, kisha masikio na macho yatazoea.

Kuhusu McCrory mwenyewe, ili ujue unamwona akiwa wapi katika safari yake. Alizaliwa London mwaka 1968. Baba yake, Mskoti, alikuwa mwanadiplomasia, na familia ilihamahama naye. Sehemu ya utoto wake aliishi Tanzania. Alisomea uigizaji Drama Centre London, akaanza kazi mwaka 1990, na kufikia 1994 alikuwa Nina katika igizo la The Seagull pale pale National Theatre, jukwaa moja na Judi Dench. Televisheni ilimpa tuzo mapema: BAFTA (tuzo ya filamu na televisheni) ya Wales kwa Streetlife ya 1995, filamu ya BBC kuhusu mama anayelea peke yake. Mwaka 2006 aliteuliwa kuwania Olivier, tuzo kubwa ya maigizo ya London, kwa kumcheza Rosalind katika igizo la As You Like It. Kwa hiyo alipoingia kwenye Medea alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya jukwaa mwilini mwake, na inaonekana.

Anza na Medea, kwa sababu ni fupi. Ni kama saa moja na nusu, bila mapumziko. Maandishi ni ya Ben Power akilitoa upya igizo la Euripides, mwandishi wa Ugiriki ya kale, kuhusu mwanamke anayeachwa na mumewe Jason na kulipiza kisasi kwa kuwaua watoto wao; mwongozaji ni Carrie Cracknell, muziki ni wa Alison Goldfrapp na Will Gregory. Mapambo ya Tom Scutt yana ngazi mbili: juu ni nyumba yenye vioo ambako harusi ya Jason na mke mpya inaendelea, chini ni msitu. Hili ni muhimu kulijua mapema, kwa sababu kamera ikimkaribia McCrory huoni kinachoendelea juu, na wakati mwingine kinachoendelea juu ndicho kinachomchoma. Kila kamera inaporudi nyuma na kuonyesha jukwaa zima, angalia juu kwanza.

Anachofanya kinashangaza kwa udogo wake. Ukumbi wa Olivier wa National Theatre, ambako Medea ilichezwa, unaingiza watu zaidi ya 1,000, na mwigizaji wa kawaida angepandisha sauti tangu mwanzo. McCrory anamfanya Medea awe mtu anayefikiri. Anazungumza na Jason, anayechezwa na Danny Sapani, kama mwanamke anayefanya hesabu, na ghadhabu inakaa chini ya sentensi badala ya juu yake. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mkwaruzo. Anaishusha mahali ambapo ungetarajia aipaze. Msikilize anapoamua kama atawaua watoto: anabadilisha uamuzi mbele yako zaidi ya mara moja, na kila mara unaamini. Mwishoni anawabeba wanawe mgongoni, ndani ya mifuko yao ya kulalia, na uzito ule ni uzito wa kweli kwenye mabega yake. Igizo hili ndilo lililompa McCrory tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Critics' Circle, chama cha wahakiki. Anayemcheza yaya wa Medea, kwa wanaopenda kufuatilia waliokuja kung'aa baadaye, ni Michaela Coel.

Kasoro ninayoiona kwenye Medea ni ya kamera. Uigizaji uliopimwa ufike viti vya nyuma unaonekana mkubwa kidogo ukiletwa karibu kiasi hiki, hasa kwa wacheza ngoma wa kundi la wanawake wa Korintho, ambao mishtuko ya miili yao ilibuniwa ionekane kwa mbali. Kwenye skrini ya simu sehemu hiyo inapotea kabisa. Itazame kwenye televisheni au kompyuta.

Lakini iliyo bora ni The Deep Blue Sea, na sina wasiwasi kulisema hilo.

Igizo ni la Terence Rattigan, la mwaka 1952. Cracknell na Scutt wako pamoja tena, safari hii katika ukumbi wa Lyttelton ambao ni mdogo kuliko Olivier, na tofauti inaonekana mara moja: McCrory hahitaji kusukuma chochote. Anamcheza Hester Collyer, mke wa jaji aliyemwacha mumewe na maisha ya heshima akaenda kuishi chumba cha kupanga na Freddie Page, rubani wa zamani wa vita anayechezwa na Tom Burke. Igizo linaanza akiwa amelala mbele ya jiko la gesi, amejaribu kujiua, na amenusurika kwa sababu mita imekata. Nyumba za kupanga za London wakati ule zilikuwa na mita za gesi za kutumbukiza sarafu, pesa ikiisha gesi inakatika, kama umeme wa LUKU. Mtazamaji asiyejua hilo hukosa maana ya dakika tano nzima za mwanzo, na hukosa pia sababu ya sarafu kuwa jambo zito baadaye.

Kuna onyo la kweli hapa: igizo lote linazunguka jaribio la kujiua. Asiyekuwa tayari kwa hilo aliache.

Tazama mikono yake. Hester ni mwanamke wa tabaka lililofundishwa kutoonyesha chochote, kwa hiyo mdomo unasema mambo ya chai na sigara huku mikono ikiomba. Mume wake anapokuja kumrudisha kwa upole, McCrory anamjibu kwa upendo wa kweli, na ndiyo maana inauma. Waigizaji wengi humfanya mume kuwa mzigo ili tuelewe kwa nini alikimbia. Hapa jaji ni mtu mwema na bado haitoshi. Na Freddie si mhuni. Anapenda kadiri ya uwezo wake, na uwezo wake ni mdogo kuliko njaa ya Hester. Eneo la kumsihi asiondoke usiku ule ni gumu kulitazama, kwa sababu McCrory anaiacha heshima yote ya mhusika imwagike bila kujipamba, kisha dakika chache baadaye anaiokota tena mgeni anapobisha hodi. Mabadiliko hayo hufanyika usoni peke yake. Katika televisheni mhariri angeyakata vipande. Hapa unamwona akiyafanya kwa pumzi moja.

Kuta za nyumba kwenye mapambo zinapenyeka kwa macho, unaona majirani wakipanda ngazi na kukaa vyumbani mwao. Si urembo. Inakuambia kwamba Hester hana siri hata moja katika jengo lile. Na Bwana Miller wa ghorofa ya juu, daktari wa zamani aliyefutwa kwenye daftari la madaktari, ndiye anayempa mazungumzo ya maana kuliko wanaume wote wawili wanaompenda. Msiruke eneo hilo kwa sababu limekaribia mwisho na limetulia.

Sasa mambo ya mfukoni. Huduma inapatikana duniani kote, unalipa kwa kadi, na una njia mbili: kukodi igizo moja, ambalo unakuwa nalo kwa saa 72, au kujiunga kwa mwezi au mwaka. Ilipoanza, mwezi ulikuwa pauni 9.98 na mwaka pauni 99.80, bei hubadilika, angalia ukurasani kabla ya kulipa. Ukitaka yote mawili ya McCrory, mwezi mmoja kwa kawaida ni nafuu kuliko kukodi mara mbili, ila hakikisha kwanza yote yamo kwenye orodha ya wanachama, maana baadhi ya maigizo hukodishwa tu. Uanachama hujirudia wenyewe. Ukishajiunga, ingia kwenye mipangilio ya akaunti usitishe malipo yajayo, mwezi uliolipia utaendelea kuutumia.

Kwa kadi pepe za pesa za simu, weka akiba kidogo juu ya bei, kwa kuwa fedha hubadilishwa na kuna makato. Baadhi ya kadi hizo hutoa nambari ya usalama inayokufa baada ya muda mfupi. Itoe ukiwa tayari umefika kwenye ukurasa wa malipo. Kwa kadi za aina hiyo kukodi kuna usumbufu mdogo kuliko kujiunga.

Maigizo pia huja na kuondoka. Haki za waandishi, warithi wao, wanamuziki na waigizaji hukubaliwa kwa muda, muda ukiisha igizo linatolewa. Ukiliona, usisubiri mwezi ujao.

Bando. Kwa picha ya kawaida hesabu kati ya MB 700 na GB 1 kwa saa. Kwa HD, yaani picha kali, inaweza kufika GB 3. Maana yake The Deep Blue Sea, ambayo ni kama saa mbili, inaweza kula GB 6 ukiiacha ijichagulie ubora. Kama mtandao unapanda na kushuka, usiiachie: weka mwenyewe ubora wa 720p au wa chini zaidi, kwa sababu picha inayoganda katikati ya sentensi inaua igizo kuliko picha yenye ukungu kidogo. Saa 72 zinatosha kutazama mara mbili, na ninapendekeza hivyo: mara ya kwanza na maandishi ya chini, mara ya pili bila.

Maandishi ya chini ni Kiingereza. Yatumie hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwani lafudhi za miaka ya 1950 humeza maneno. Sauti ya ukumbi ina tofauti kubwa kati ya mnong'ono na kelele, na McCrory anaishi kwenye mnong'ono. Spika ya simu haitoshi, vaa hedifoni.

Baada ya hapo rudi kwenye televisheni, utaona tofauti. Katika Peaky Blinders alikuwa Polly Gray, shangazi anayetunza pesa za familia ya Shelby, kuanzia 2013 hadi 2019, misimu mitano ya vipindi sita sita. Msimu wa pili ndio wake zaidi: mwanawe aliyenyang'anywa anarudi, na unamwona mwanamke mwenye silaha akiogopa kumgusa kijana wake. Utulivu ule wa Hester upo, umevaa kofia tu. Msimu wa sita wa 2022 ulitengenezwa bila yeye, na kipindi chake cha kwanza kilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Anna Karenina ya 2000, vipindi vinne vya Channel 4, inafaa kutafutwa kwa sababu Anna na Hester ni ndugu: ndoa ya heshima, mwanajeshi, kisha maangamizi. Kwa sehemu ndogo lakini kali, chukua Quiz ya 2020, ambako anacheza wakili wa utetezi na karibu aigeuze kesi nzima mahakamani kwa hotuba yake ya mwisho, kisha Roadkill ya mwaka huo huo, akiwa waziri mkuu. Filamu ya The Queen, alipomcheza Cherie Blair, mke wa waziri mkuu Tony Blair, iache mwisho. Ni nzuri, ila yeye yupo pembeni.

Kwa walimu na wanafunzi wa sanaa za maonyesho: kabla ya kulipa, ulizeni maktaba ya chuo. Kuna mkusanyiko wa rekodi za National Theatre unaolipiwa na taasisi, na chuo kikiwa nao mnaingia kwa akaunti ya maktaba na kutazama bila kikomo cha saa 72, jambo linalofaa zaidi kwa kusimamisha, kurudisha nyuma na kujadili eneo moja darasani.