Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, baada ya miezi saba: kumbe saa ilikuwa inahesabu miguu

Nina miaka 52 na nakimbia mara tatu kwa wiki, mwendo wa pole, ule wa kupiga soga na mwenzangu njia nzima. Siku moja, katikati ya kumsimulia ugomvi wa majirani, nikatupia jicho saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo: 178 kwa dakika. Ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa, 220 kutoa umri, inanipa ukomo wa 168. Yaani kwa mujibu wa saa, moyo ulishavuka mpaka wake na mimi bado nina pumzi ya kusengenya.

Nikasimama, nikaweka vidole viwili shingoni, nikahesabu kwa sekunde 15. Mapigo 39, mara nne, 156. Saa bado inang'ang'ania 170 na kitu. Mwenzangu akasema saa imeharibika. Haikuwa imeharibika. Saa za namna hii husoma kwa mwanga: vile vijitaa vya kijani vya chini humulika ngozi na kufuatilia damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa. Ukiivaa imelegea, nayo ikawa inarukaruka kwa kila hatua, inaweza kudaka mtikisiko wa hatua ikadhani ndiyo mapigo. Kesho yake nilihesabu hatua zangu: 176 kwa dakika.

Ndipo nikanunua mkanda. Huu hauna taa. Unakaa chini kidogo ya matiti, na upande wa ndani una vipande viwili laini vinavyonasa umeme wa moyo wenyewe. Mbele unabandika kidude kidogo kwa vishikizo viwili, nacho kinatuma namba kwenye simu au saa kwa bluetooth. Basi.

Siku ya kwanza ulinitia hofu kuliko saa. Nimetoka tu getini, dakika ya pili, simu inasoma 225. Nikarudi ndani nikakaa kwenye ngazi kama mgonjwa. Kosa lilikuwa langu: niliuvaa mkavu. Vile vipande vinataka unyevu, na kabla jasho halijatoka, ngozi kavu pamoja na fulana ya nailoni inayopeperuka juu yake huzalisha namba za ajabu. Sasa nalowesha kwa maji ya bomba kabla ya kuvaa, na tatizo limekwisha. Maelekezo yanalisema hilo, lakini kwa herufi ndogo za kusomwa kwa tochi.

Ukiwa umelowa, unasoma vizuri mno. Nimeulinganisha na vidole shingoni mara nyingi, na tofauti haizidi mapigo mawili matatu. Ila ulinipa habari nisiyoitaka: 156, 158, kwa mwendo ule ule wa soga. Saa ilitia chumvi, lakini moyo kweli ulikuwa unakwenda mbio kuliko inavyopaswa.

Nilimpelekea daktari michoro ya mapigo ya wiki tatu. Swali lake la kwanza halikuwa namba, lilikuwa umbo: yanapanda taratibu, au yanaruka ghafla na kukatika ghafla kama swichi? Yangu yalipanda kama mlima na kushuka kama mlima. Alisema yangeruka tu kutoka 110 hadi 190 bila sababu angefikiria hitilafu ya umeme wa moyo. Hata hivyo alinipima moyo kwa mashine ya hospitali, maana mkanda si mbadala wake, kisha akachukua damu. Jibu likatoka huko: upungufu wa damu, madini ya chuma yamekwisha. Damu ikiwa pungufu, kila pigo hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo moyo unaongeza safari. Vidonge vya chuma miezi minne (na choo cheusi, ambacho hakuna aliyenionya). Sasa njia ile ile, mwendo ule ule, ni 138 hadi 142. Mimi sikuwa na kizunguzungu wala maumivu ya kifua. Mwenye hayo, au aliyezimia mazoezini, asipoteze wiki tatu kukusanya michoro kama mimi. Aende hospitali leo.

Lawama zangu. Programu ya mkanda kwenye simu inakugawia rangi kwa ile 220 kutoa umri, ikanipaka nyekundu wiki nzima na kunipigia kengele kila kona. Hesabu hiyo ni wastani tu. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 20 na wote wakawa wazima. Unaweza kubadilisha ukomo kwa mkono, lakini wameuficha ndani ya kurasa nne. Pili, ukingo wake unachubua pale unapokutana na ukanda wa sidiria. Napaka mafuta ya mgando pembeni, nikiangalia yasiguse vile vipande. Tatu, mpira umeanza kulegea, nimeshaukaza mara mbili. Betri ni ile bapa ya CR2032, nimebadilisha mara moja. Kidude kichomoe kila ukimaliza, kikibaki kwenye mkanda wenye jasho kinaendelea kula betri.

Nyota nne. Ya tano imechukuliwa na zile kengele. Saa bado naivaa, kwa ajili ya kujua saa ngapi.