Makanisa ya kale ya Mombasa: siku mbili na shangazi yangu

Shangazi yangu anakaa Wundanyi, na kazi yake ni kudarizi vitambaa vya Meza ya Bwana. Alipokuja kunitembelea mwezi wa Agosti hakutaka kupelekwa pwani kuogelea wala madukani. Aliniambia, "Mwanangu, nipeleke makanisa ya zamani nikaone kazi za mikono." Nimeishi mji huu miaka 11, na sikuwa nimewahi kuingia kanisa la kale kwa ajili ya kutazama tu. Naandika haya kwa yeyote anayefikiria matembezi kama hayo.

Tulianza Fort Jesus asubuhi, jua halijawa kali. Wengi tunaijua kwa mizinga yake, ila ndani mlikuwa na kanisa pia. Wareno waliijenga ngome kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kanisa lenyewe limebaki msingi tu pale uani. Kijana tuliyemkodi atutembeze alitupitisha hapo mbio mbio, simu mkononi, na shangazi alipouliza ni nani waliosali humo akajibu, "Wareno, mama," tukaendelea. Hili liliniuma, maana pana habari nzito mahali pale. Agosti 1631, Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa, India, na mapadre wa Augustino na kubatizwa jina la Jerónimo, aliwageukia Wareno akaiteka ngome. Waliouawa walikuwa Wareno pamoja na Wakristo wenyeji, na Kanisa Katoliki huwakumbuka kama Mashahidi wa Mombasa. Mtu asipoelezwa hayo akiwa amesimama palepale, anaona mawe tu.

Tulimlipa kijana, tukamshukuru, tukabaki wenyewe. Hapo ndipo siku yetu ilipoanza kunoga.

Kuna ukuta wenye michoro ya Wareno wa karne ya 17, imehifadhiwa humo humo ngomeni. Wameichora kwa rangi mbili tu, nyeusi ya mkaa na nyekundu ya udongo: merikebu, watu, majengo. Ukiikaribia unaona mkono uliochora haukuwa wa fundi. Mistari inatetemeka, chombo kimoja kinapanda juu ya kingine, na kamba za tanga zimechorwa kwa uangalifu kuliko nyuso za watu. Shangazi alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma. Mwishowe akasema, "Huyu alikuwa anangoja meli ya kwao." Sijui kama kuna mtaalamu angekubaliana naye, lakini mimi nilimwamini. Kama una saa moja tu ndani ya ngome, nusu yake ipe ukuta huo.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Kanisa Kuu la Kianglikana, barabara ya Nkrumah. Lilijengwa kuanzia 1903 hadi 1905 kwa kumbukumbu ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga, Uganda ya leo, mwaka 1885. Shangazi alilitazama kwa nje akadhani nimempeleka msikitini, kwa sababu lina kuba, na madirisha yake yana matao ya namna unayoiona Mji wa Kale. Mimi hulipita kila wiki kwenye tuktuk na sikuwa nimeyatia maanani. Waliolijenga walikubali kanisa lifanane na mji liliomo, na kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote niliyoyaona siku ile.

Mzee wa kanisa tuliyemkuta akifagia aliweka ufagio chini akatutembeza bila haraka. Alitusomea vibao vya kumbukumbu, akamwacha shangazi akae benchi la mbele ayachore matao nyuma ya risiti ya supamaketi. Hakutudai hata senti. Tuliweka sadaka yetu kisandukuni. Ushauri wangu ni huu: ukifika kanisa lolote, mtafute mtu wa kanisa lenyewe kabla ya kukodi mtu wa barabarani. Nenda katikati ya juma, siyo Jumapili wakati wa ibada, na ukiwa na nguo fupi beba leso ujifunge.

Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, la Wakatoliki, liko barabara hiyohiyo na minara yake miwili huwezi kuikosa. Hapa kinachotazamwa ni vioo vya rangi. Tulipoingia mwanga wa buluu ulikuwa umelala kwenye benchi tupu, shangazi akaweka kiganja chake ndani yake akakigeuza huku na huku, kama anayepima kitambaa. Hatukukaa sana, kwa sababu watu walikuwa wanasali na hatukutaka kuwasumbua.

Siku ya pili tulivuka daraja la Nyali hadi Kengeleni, ilipo Frere Town. Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao ingali pale kando ya barabara. Husimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya watu wakati majahazi ya wafanyabiashara ya watumwa yalipoonekana. Makanga alikuwa anaita "Kengeleni, Kengeleni!", watu wakashuka na mizigo yao. Sisi tulibaki chini ya ile kengele. Ni ndogo kuliko nilivyofikiria. Shangazi aliinamisha kichwa akaomba kimyakimya, nami nikaona aibu kwamba nimelitaja jina la kituo hiki mara elfu na sijawahi kuinua macho.

Rabai hatukufika. Ndiko mmisionari Mjerumani Krapf, aliyetua Mombasa 1844, alikofungua misheni pamoja na mwenzake Rebmann baada ya mkewe Rosine kufariki mwaka huo huo wa 1844. Unapanda matatu hadi Mazeras, kisha boda. Tumepanga Desemba, shangazi akishuka tena, na safari hiyo atabeba daftari la kuchorea.