Lodwar kwa anayepita: chumba, samaki na vikapu vya mkoma

Lodwar, kaskazini-magharibi mwa Kenya, si mji wa kwenda kupunga hewa. Serikali ya kikoloni ilimweka Jomo Kenyatta kizuizini hapa kuanzia 1959 hadi 1961, na haikuuchagua kwa uzuri wake. Kama kituo, hata hivyo, unafaa kuliko unavyoonekana. Benki, hospitali ya rufaa, uwanja wa ndege, vipuri na ofisi za kaunti ya Turkana ziko karibu karibu, boda boda inatosha. Anayekwenda Ziwa Turkana, Kalokol au Eliye Springs, kilomita 60 na kitu, atoe pesa, ajaze mafuta na kuziba pancha hapa hapa.

Kwenye chumba ndiko wageni hukosea: huuliza bei kabla ya kutazama paa. Joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi. Mabati yasiyo na dari hukigeuza chumba tanuri. Ghorofa ya juu nayo si nafuu, maana zege lililopigwa jua mchana kutwa huanza kutoa joto saa ile ile ya kulala. Chukua chumba cha chini chenye madirisha yanayotazamana, au banda la makuti. Washa feni kwa kasi ya mwisho usikilize. Ikigongagonga, omba chumba kingine. Uliza pia: stima ikipotea, jenereta hulisha feni, au taa za korido tu? Runinga haina maana hapo. Maji ya tenki jeusi la juu ya paa huunguza saa nane mchana, kwa hiyo oga alfajiri. Chandarua usikikose, hasa karibu na Mto Turkwel.

Samaki hutoka ziwani, na ngege wa kukaanga na ugali ndiye mlo wa kuaminika. Mle mchana. Wa jioni fungua shavu kwanza: likiwa la kijivu badala ya jekundu, agiza mbuzi. Mboga hupanda gari kutoka Kitale, karibu kilomita 300, ndiyo maana sukuma huja imenyauka na bei imechangamka.

Kitu cha kubeba ni kikapu cha miyaa ya mkoma, yaani majani makavu ya mti wa jamii ya mnazi, kinachozungushwa kama konokono kuanzia kitakoni. Kiweke mezani. Kikiyumba, mizunguko ya nje ya kitako imekazwa kuliko ya ndani, na hakitanyooka kamwe. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Ikiacha alama, itachafua mkate na nguo. Kisha tafuta mwisho wa ukingo: mzunguko wa mwisho unapaswa kuchongoka na kumezwa na ule wa chini yake. Ukiwa umekatwa butu, kitaanza kufumuka hapo. Vidogo vilivyobana ni bora kuliko vikubwa vya rangi nyingi, ingawa wauzaji husukuma hivyo vikubwa mbele.

Kurudi, ondoka mapema. Laga, yaani mito mikavu ya msimu, hufurika bila tone kunyesha mjini, kwa sababu mvua imepiga milimani. Subiri maji yashuke, usimwige dereva mwenye haraka. Na kikapu kisifungwe kwenye keria: ukishapanda nyanda za juu za Kitale mvua si mgeni, na kikilowa kisha kikakaa ndani ya nailoni, kitafika Nairobi na ukungu.